Kompyuta haiioni mashine ya leza: tafuta ukimya unaanzia wapi

Ukibofya kitufe cha kuanza na mashine ikabaki kimya, wazo la kwanza huwa ni kuondoa programu na kuisakinisha upya. Mara nyingi hiyo ni kazi bure. Programu ndiyo kiungo cha mwisho katika mnyororo mrefu: umeme, kebo, chipu ya USB, draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua chipu hiyo), namba ya poti, lugha ya bodi, ndipo programu. Kiungo kimoja kikikatika, vyote vinavyokifuata huonekana vibovu hata kama ni vizima. Kazi yako ni kujua ukimya unaanzia wapi.

Fuata hatua kwa mpangilio ulivyo hapa chini, na badilisha kitu kimoja tu kila unapojaribu. Ukibadilisha kebo, draiva na poti kwa mkupuo na mashine ikaamka, hutajua kipi kiliiamsha, na tatizo likirudi utaanza upya.

Jambo la usalama kabla ya yote. Bodi nyingi hujiwasha upya kila poti inapofunguliwa, na kwenye baadhi yake leza humulika kwa kitambo wakati huo. Zima mashine, kisha chomoa plagi ya kichwa cha leza kwenye bodi. Kwa mashine ya CO2, yaani leza ya bomba la gesi, zima swichi inayoruhusu leza kuwaka. Mota zinatosha kukuonyesha kama mawasiliano yapo. Utakaporudisha leza, vaa miwani ya mwanga wa leza yako: dayodi za bluu hutoa mwanga wa nanomita 450 hivi, CO2 nanomita 10,600. Miwani ya moja isichukuliwe kuwa kinga ya nyingine.

Tambua bodi kwanza

Mashine za nyumbani na karakana ndogo zina makundi matatu makubwa.

La kwanza ni leza za dayodi ambazo bodi yake inaendeshwa na GRBL, programu iliyo ndani ya bodi inayosoma amri na kuziendesha mota na leza. Ubongo wa bodi huwa ATmega328P, ileile ya Arduino Nano, au ESP32 kwenye mashine mpya zaidi. Kati ya ubongo huo na kompyuta kuna chipu inayogeuza USB kuwa mawasiliano ya mfululizo, biti moja baada ya nyingine. Mara nyingi ni CH340, wakati mwingine CP2102.

La pili ni mashine ndogo za CO2 zinazoitwa K40, zenye bodi ya M2 Nano. Bodi hii haina poti ya COM, na ndiyo maana wengi huitafuta poti hiyo siku nzima wasiipate.

La tatu ni mashine za CO2 zenye kidhibiti cha Ruida, chenye skrini na vitufe vyake. Hicho huunganishwa kwa USB au kwa kebo ya mtandao.

Sehemu za kebo na kelele za umeme ni za mashine zote. Zilizobaki hapa katikati ni za GRBL. K40 na Ruida zina sehemu zao mwishoni.

Kebo na soketi

Kebo nyingi zilizolala kwenye droo ni za kuchajia simu. Ndani zina nyaya za umeme tu, hazina zile mbili za data. Taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni kitu, na lawama zinaangukia draiva. Kuipima ni rahisi: unganisha simu na kompyuta kwa kebo hiyohiyo. Kama simu inachaji lakini kompyuta haioni faili zake hata baada ya kuruhusu uhamishaji wa faili kwenye simu, kebo hiyo isikaribie mashine ya leza tena.

1. Tumia kebo ya mita 1 hadi 2, yenye ngao ya chuma ndani, bila kirefusho. Kikomo cha USB 2.0 ni mita 5, lakini kando ya mota na umeme wa leza urefu huo ni wa kutafuta matatizo.
2. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta ya mezani, tumia soketi za nyuma zilizo kwenye bodi kuu. Za mbele hupitia waya mwingine wa ndani.
3. Kama bodi ina soketi ya USB-C, jaribu kebo yenye plagi ya kawaida ya USB-A upande wa kompyuta. Kuna bodi ambazo watengenezaji hawakuweka rezista mbili za kilo-omu 5.1 zinazoitambulisha bodi kwa kebo ya C kwa C. Bodi hizo hazipati hata umeme kupitia kebo hiyo, ilhali kwa kebo ya A kwa C zinafanya kazi vizuri.
4. Kama kompyuta ina soketi za USB 3 pekee na bodi inaonekana na kupotea, weka kigawanyio (hub) cha USB 2.0 katikati, ikiwezekana chenye umeme wake. Hapa ndipo kigawanyio kinasaidia. Penginepo ni kiungo kimoja zaidi cha kukatika.
5. Tikisa plagi taratibu upande wa bodi huku ukiangalia orodha ya vifaa kwenye kompyuta. Poti ikiingia na kutoka, soketi imelegea au lehemu yake imepasuka.

Draiva na poti

Kwenye Windows, fungua Device Manager, angalia kundi la Ports (COM & LPT), chomoa kebo, kisha ichomeke tena. Unachokiona ndicho kinachokuelekeza.

Kama orodha haibadiliki hata kidogo na hakuna mlio wa kifaa kipya, tatizo liko kwenye kebo, soketi au chipu. Usisakinishe draiva yoyote bado. Kama kinatokea kifaa chenye alama ya mshangao ya manjano, kebo ni nzima na draiva ndiyo inayokosekana: sakinisha ya CH340 au CP2102 kulingana na chipu iliyo kwenye bodi. Ikitokea "USB-SERIAL CH340 (COM5)" au jina linalofanana, kiungo hiki ni kizima. Andika namba hiyo ya COM, kwa sababu ukihamisha kebo kwenda soketi nyingine inaweza kubadilika, na programu itaendelea kuitafuta ya zamani.

Kuna hali moja inayochanganya hata mafundi: poti inaonekana bila alama yoyote, lakini kila programu inashindwa kuifungua, na yote yalianza baada ya Windows kujisasisha. Baadhi ya bodi zina chipu za kuiga CH340, na matoleo mapya ya draiva hayaelewani nazo. Bofya mara mbili jina la poti, ingia kwenye ukurasa wa draiva, uchague kurudisha toleo lililotangulia. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, sakinisha toleo la zamani kwa mkono.

Kwenye Linux, draiva za CH340 na CP2102 zimo ndani ya mfumo tayari. Andika `sudo dmesg -w`, chomeka kebo, usome mistari inayotokea. Unataka kuona `ttyUSB0` au `ttyACM0`. Amri ya `lsusb` itakuonyesha `1a86:7523` kwa CH340 na `10c4:ea60` kwa CP2102. Vizuizi viwili hujirudia:

- Huna ruhusa ya kutumia poti. Kwenye Debian na Ubuntu jiunge na kundi lake kwa `sudo usermod -a -G dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Kufunga dirisha la amri tu hakutoshi.
- Poti inatokea, kisha inatoweka baada ya sekunde moja, na `dmesg` inataja `brltty`. Hii ni programu ya vifaa vya maandishi ya Braille, na kwenye Ubuntu 22.04 huidhania CH340 kuwa kifaa chake. Kama hakuna anayetumia Braille kwenye kompyuta hiyo, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`.

Kwenye Mac, andika `ls /dev/cu.*` kabla na baada ya kuchomeka. Jina lililoongezeka ndilo la mashine.

Poti ipo, programu inasema imeshindwa kuifungua

Poti moja hushikwa na programu moja kwa wakati. LightBurn na LaserGRBL ni programu za kuendeshea leza: moja ikiwa wazi, nyingine haitaingia. Usisahau programu zinazojificha: Arduino IDE iliyoachwa na dirisha lake la kusoma poti, au programu ya kichapishi cha 3D inayojaribu kila poti inayoiona. Zifunge zote, chomoa kebo, hesabu hadi kumi, uichomeke. Ikishindikana, washa kompyuta upya, kwa kuwa huenda programu iliyokufa vibaya bado imeishikilia.

Poti imefunguka, mashine haijibu

Sasa zungumza na bodi bila mpatanishi. Fungua konsoli ya programu yako, yaani dirisha la kuandikia bodi amri, chagua poti, weka kasi ya 115200, unganisha. Bodi ya GRBL hujitambulisha yenyewe:

`Grbl 1.1h ['$' for help]`

Herufi ya mwisho inaweza kutofautiana. Mstari huo ukitokea, mnyororo mzima kuanzia kebo hadi lugha ya bodi ni mzima. Zikitokea herufi ovyo zisizosomeka, kasi uliyoweka haifanani na ya bodi. Kisipotokea kitu, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya kwenye bodi huku konsoli ikiwa wazi. Kimya kikiendelea, ama umeshika poti ya kifaa kingine, ama bodi imepoteza programu yake ya ndani.

Baada ya salamu hiyo, tuma `?`. Jibu linapaswa kufanana na hili:

`<Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0>`

Kisha tuma `$$`, unakili mipangilio yote inayotokea na uihifadhi kwenye faili. Fanya hivyo leo, mashine ikiwa nzima. Siku utakayolazimika kuweka programu ya bodi upya, mistari hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Kwenye LightBurn kuna mtego wa ziada: ukichagua aina ya mashine isiyo sahihi, programu husubiri salamu ya lugha nyingine na kubaki ikisema inasubiri muunganisho. Thibitisha kwamba kifaa ulichokisajili ni cha GRBL.

Inajibu lakini haisogei

Hapa mawasiliano yameshapona, ingawa wengi huendelea kubadilisha kebo. ATmega328P na chipu yake ya USB hupata umeme kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo bodi inaweza kujibu kila amri huku mashine yenyewe imezimwa. Angalia adapta, swichi, ufunguo na kitufe chekundu cha dharura.

Umeme ukiwa upo, soma jibu. `error:9` maana yake mashine imefungwa kwa tahadhari; tafuta kilichosababisha, kisha tuma `$H` kuirudisha mwanzo wa safari kama ina swichi za mipaka, au `$X` kuifungua. `ALARM:1` ni swichi ya mpaka iliyoguswa, au waya wake uliopokea kelele. `ALARM:2` ni amri inayotaka kupita ukubwa wa meza.

Inakatika katikati ya kazi

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, maana kila ukipima mashine imesimama unakuta kila kitu kipo sawa. Lina vyanzo viwili vya kawaida: kompyuta inayolala na kelele za umeme.

Anza na kompyuta, kwa kuwa ni kazi ya dakika tano. Zima usingizi wa kompyuta wakati wa kazi. Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya juu ya umeme uzime USB selective suspend. Rudi Device Manager, fungua kila USB Root Hub, na kwenye ukurasa wa umeme ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa nishati. Kama kukatika kulikuwa kunakuja baada ya muda unaofanana, huenda umemaliza.

Kelele za umeme zina tabia tofauti: hazina ratiba. Mara nyingi huja pampu ya hewa, feni ya moshi au kompresa inapowaka au kuzima. Kwenye CO2 huongezeka pia leza inapofyatua, kwa sababu chanzo chake cha umeme hufikia makumi ya maelfu ya volti. Ishara nyingine ni makosa ya `error:1` na `error:2`, yanayosema mstari uliofika haukueleweka. Endesha faili hiyohiyo mara tatu. Kosa likija kwenye mstari uleule kila mara, faili ndiyo mbaya, au imeandikwa kwa lugha ambayo bodi haiijui. Likihamahama, herufi zinaharibika njiani.

Kuitafuta kelele, endesha mchoro wa dakika kumi hivi kichwa cha leza kikiwa kimechomolewa, kwa mpangilio huu:

1. Mashine peke yake, pampu na feni zikiwa zimezimwa.
2. Washa pampu katikati ya kazi, izime, iwashe tena. Fanya hivyo mara tano.
3. Fanya vivyo hivyo kwa feni.
4. Kama kompyuta ni ya kupakata, chomoa chaja yake urudie hatua ya pili na ya tatu. Ikitulia inapotumia betri, kelele inazunguka kupitia nyaya za umeme za chaja na mashine.
5. Rudisha leza, vaa miwani, weka ubao wa majaribio, rudia kwa nguvu ndogo.

Hatua inayoikata ndiyo inayokutajia mkosaji. Dawa zinaanza na zilizo rahisi: hamishia pampu na feni kwenye soketi ya ukutani tofauti na ya mashine na kompyuta, tenganisha kebo ya USB na nyaya za umeme na za mota, na zikilazimika kukutana zipitane kama msalaba badala ya kulala sambamba, funga pete ya feraiti karibu na plagi ya upande wa mashine, ukiizungusha kebo ndani yake mara mbili au tatu.

Kisha pima erthi. Chomoa plagi ya mashine ukutani, weka multimita kwenye omu, gusa pini ya erthi ya plagi na chuma kitupu cha fremu ya mashine, penye rangi iliyokwanguliwa. Unataka chini ya omu 1. Kwenye mashine ya CO2 usiendelee na kazi yoyote hadi namba hiyo ipatikane, kwani hapo habari si mawasiliano tena, ni uhai wa anayegusa mashine. Soketi ya ukutani nayo iwe na erthi ya kweli.

Kama yote haya hayakutosha, kitenganishi cha USB hukata njia ya umeme kati ya kompyuta na mashine na kupitisha data tu. Vile vya megabiti 12 kwa sekunde vinatosha kabisa kwa CH340.

Kuna hatari inayoambatana na kukatika ambayo haipaswi kupuuzwa. Kompyuta ikinyamaza, GRBL hutekeleza amri chache zilizobaki kwenye akiba yake, kisha husimama. Kazi ikiwa inatumia `M4` (amri ya kuwasha leza kwa nguvu inayofuata kasi ya kichwa) na mpangilio wa `$32=1` (hali ya leza), leza huzimika kichwa kinaposimama. Ikiwa inatumia `M3` (kuwasha kwa nguvu isiyobadilika), leza inaweza kubaki inawaka mahali pamoja, na hivyo ndivyo moto unavyoanza. Hakikisha `$32=1`, tumia `M4` kila inapowezekana, na usiondoke karibu na mashine inayofanya kazi.

Haikatiki, ila inasitasita

Ukichonga picha na kichwa kinatembea kwa kushtukashtuka, kikiacha vidoa vyeusi, njia imejaa. Hesabu yake ni hii. Kwa kasi ya 115200, kila baiti huchukua biti 10, hivyo zinapita baiti 11,520 kwa sekunde. Picha ya nukta 254 kwa inchi ina nukta moja kila milimita 0.1. Ukichonga kwa milimita 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde, ni nukta 1,000 kila sekunde. Mstari kama `X0.1S345` pamoja na alama ya mwisho wake ni baiti 9. Tayari umefika 9,000, na ATmega328P inapaswa pia kuusoma na kuutekeleza kila mstari. Akiba yake ya kupokea ni baiti 128 tu, tuma `$I` na utaiona namba hiyo mwishoni mwa mstari wa `[OPT:...]`.

Punguza kasi hadi milimita 3,000 kwa dakika, au punguza nukta kwa inchi. Njia ninayoipendelea ni kubadilisha picha ya vivuli kuwa ya nukta nyeusi na nyeupe, kwa sababu nukta zinazofanana na kufuatana huunganishwa kuwa mstari mmoja. Mashine yenye kadi ya kumbukumbu ipewe faili nzima isome yenyewe.

K40 yenye M2 Nano

Kwenye Windows itafute nje ya kundi la Ports, kwa jina lenye CH341. Kwenye Linux ni `1a86:5512`. Tatizo lake kubwa ni ugomvi wa draiva. K40 Whisperer, programu mbadala ya kuendeshea K40, inahitaji draiva ya libusb, inayowekwa kwa Zadig, programu ya kubadilishia draiva za USB, wakati programu zilizokuja na mashine zinataka ya CH341. Ukishaweka moja, programu za upande wa pili haziioni mashine tena. Chagua upande mmoja ubaki nao. Ndani ya Zadig hakikisha umechagua kifaa chenye `1A86 5512` kabla ya kubofya, maana ukikosea unaweza kubadilisha draiva ya kipanya au kibodi.

Ukibaki na programu za awali, ufunguo wake wa USB, kile kifaa kidogo kama flashi kinachoiruhusu programu kufanya kazi, lazima uwe umechomekwa, na kwenye mipangilio uchague 6C6879-LASER-M2 pamoja na namba iliyoandikwa kwenye bodi. Aina ya bodi ikikosewa, mashine husogea kwa vipimo visivyo vyako au haisogei kabisa.

Ruida

Kwa kebo ya mtandao, soma anwani kwenye skrini ya kidhibiti. Mara nyingi ni 192.168.1.100. Ukiunganisha kompyuta moja kwa moja, ipe kompyuta anwani kwa mkono, mfano 192.168.1.10, na kinyago (subnet mask) cha 255.255.255.0. Kisha andika `ping 192.168.1.100` kwenye dirisha la amri, kuona kama kidhibiti kinajibu. Isipojibu, usifungue LightBurn kwanza: tatizo ni kebo, anwani, au kifaa kingine chenye anwani hiyohiyo.

Ping ikijibu na LightBurn ikashindwa, ruhusu programu kwenye ngome ya ulinzi (firewall) ya kompyuta. Ruida hupokea kwa UDP, njia ya kutuma data kwa mtandao, kwenye poti 50200 na kompyuta husikiliza kwenye 40200, ambayo nayo hushikwa na programu moja tu, kwa hiyo funga RDWorks, programu nyingine ya mashine za Ruida. Epuka pia kupitisha kazi kwa Wi-Fi. Itifaki hii haivumilii pakiti zinazopotea njiani, na faili ndefu inaweza kukwama ikiwa imefika nusu. Kama hakuna namna ya kufikisha kebo, weka faili kwenye flashi, uichomeke kwenye soketi ya mashine, uiingize kwenye kumbukumbu ya kidhibiti kutoka kwenye menyu yake, kisha uanzishe kazi kwa vitufe vyake.